Sikuitika Mara ya Kwanza

Kambi ya Wakata Miwa,
karibu na Msambweni.
18 Machi 1956

Mpendwa dada Hannah,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mama na watoto. Je, kifua cha mama kimepata nafuu? Nasikia huko Rabai jua ni kali kama huku. Mimi mwili ni mzima, ila mikono imechoka. Mvua haijaanza, bado tunakata.

Usishtuke, dada, mumeo yu hai. Jumanne iliyopita Mramba alijikata mguu kwa panga, nyuma ya kisigino. Yuko hospitali, anakula na anazungumza. Daktari amesema atatembea, lakini mguu huo atauburuta. Kazi ya miwa ndiyo basi.

Yanayofuata nayaandika mwenyewe, usije ukayasikia kwa mtu.

Kwaresima hii niliacha tembo la mnazi na tumbaku. Mwalimu Fondo, anayetuongoza ibada hapa kambini, alituambia kuacha vitu si kazi, kazi ni kusikiliza. Akatusomea habari za Samweli, mtoto wa yule Hana somo yako, alivyoitwa akaitika. Akatutaka kila adhuhuri tunyamaze kidogo, tumsikilize Mungu. Nilifanya kwa bidii, hata nikajiona mtu. Chirau, Mdigo Mwislamu ninayekata naye, alinicheka akasema saumu yetu ni ya ajabu, tunafunga huku tunatafuna.

Jumanne hiyo adhuhuri nilikuwa nimekaa kimya penye mstari wangu wa miwa. Nikasikia, "Nzai!" Mara moja. Miwa ni mirefu, sikumwona aliyeita. Nawe wakumbuka bibi alivyotufundisha: ukiitwa na usiyemwona, usiitike mpaka uitwe tena, kwa kuwa pepo huita mara moja tu. Wewe mwenyewe ulinifinya sikio siku ile nilipoitika ovyo kisimani. Basi nikangoja ya pili. Haikuja.

Chirau ndiye aliyemkuta, alipokuwa akienda kuchota maji. Shemeji alikuwa ameketi chini, amejifunga mguu kwa shati, na shati lote limelowa damu. Tulipokwisha kumpakia kwenye gari niliwaeleza wenzangu habari za pepo. Chirau akanitazama, akasema, "Pepo wa Msambweni jina lako angelijulia wapi, bwana?" Wengine wakacheka.

Dada, kusema kweli sauti niliijua. Mramba alikuwa amebaki nyuma tangu asubuhi, nikadhani anataka nikamsaidie mstari wake, nami nilikuwa nimechoka. Nikajificha nyuma ya maneno ya bibi, na nyuma ya sala yangu pia. Namwambia Mungu aseme, nasikiliza, na papo hapo naziba sikio.

Hospitalini nilimwuliza shemeji kwa nini hakuita tena. Akasema, "Ya pili sikuwa na pumzi nayo." Kisha akaniomba maji, nikampa. Hajanilaumu mpaka leo, na hilo ndilo linalonichoma.

Siku hizi nikiitwa naitika hapo hapo. Kambini wamekwisha kujua, wananiita kwa mzaha wanione nikiinuka. Nawaacha wacheke. Adhuhuri bado nanyamaza, lakini sasa nasikiliza na upande wa miwa.

Sitaki kukuomba msamaha kwa karatasi. Akiruhusiwa baada ya Pasaka nitamleta nyumbani mimi mwenyewe, na nitasimama uani kwako useme utakalosema. Makuti ya paa lenu yaliyokuwa yakimngoja Mramba nitayaezeka mimi.

Nisalimie mama, umweleze polepole. Nisalimie Mbodze na watoto wenzake, na mzee wa pale kanisani. Mungu awalinde, awape usingizi mwema.

Ukiona vyema nije kabla ya hapo, niandikie mstari mmoja tu. Hutaniita mara ya pili.

Ni mimi nduguyo nikupendaye,
Nzai