Sura ya Mama kwenye Kanda

Chanji, Sumbawanga

Mpendwa Kaka Vitus,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi Anjela na watoto, na kwamba joto la ziwani halijawachosha. Huku Ufipa baridi ni ile ile, na kiuno changu kinalalamika kwa kuinamia cherehani, lakini tunamshukuru Mungu. Utashangaa kuletewa barua wakati simu ninayo. Haya siwezi kuyasema kwa sauti ndani ya nyumba hii, na sababu utaiona.

Ni habari za mdogo wetu Edwin. Unajua alikuwa akikaa kwangu, chumba cha uani, na magitaa yake. Muziki wake si wa kupigwa harusini. Magitaa yanakwaruza tangu mwanzo hadi mwisho, nyuma yake upepo wa milima ya Mbizi aliourekodi kwa simu, kisha yeye mwenyewe anapiga mayowe utadhani anang'olewa jino. Nilivumilia, maana ni ndugu yangu na hanywi pombe. Nilichokuwa sijui ni wateja wake. Kumbe huko Ulaya wapo watu wanaokusanya muziki wa namna hiyo kwenye kaseti, zile tulizoziacha zamani. Edwin anatengeneza chache makusudi, kila moja ndani ya kisanduku cha mbao chenye namba ya mkono, ili wazigombanie. Wengine hata hawazisikilizi, wanazipanga kabatini. Niliposimuliwa nilicheka.

Mama alipokuja kwangu kutibiwa macho, kitenge chake cha WAWATA, sare ya akina mama wa kanisani, kilipotea. Tulikitafuta mpaka kwenye banda la kuku. Juzijuzi nimekikuta chumbani kwa Edwin, kimekatwa vipande na kupakwa masizi, kila kisanduku kipande chake. Juu ya kisanduku ipo picha ya Mama akipuliza moto, macho mekundu kwa moshi. Maandishi yalikuwa ya Kiingereza, nikampelekea Lydia, mwalimu ambaye ni mteja wangu, anisomee. Aliniomba nikae kwanza. Yanasema: "Mchawi wa mwisho wa Ufipa. Hiki ni kipande cha nguo yake halisi." Na ile sauti ya kuguna ndani ya kanda ni Mama pia, akiimba wimbo wa kupura ulezi, Edwin kaipunguza mwendo mpaka imekuwa ya zimwi. Kaka, nilisikia kinyaa. Mama huyu huyu anayefagia kanisa la kigango kila Jumamosi.

Nilimwita Edwin nikamwekea kile kisanduku mezani. Hakukana. Alinijibu taratibu: "Dada, hao wako mbali, hawamjui Mama." Tena akaniambia, kwa fahari, kwamba visanduku vimependwa na wanaomba toleo lingine. Lakini ile picha alikuwa ameitangaza mtandaoni, na kutoka huko ikarudi kwenye simu za watu wa mtaa wa Majengo hapa mjini, na kutoka Majengo ikapanda hadi kijijini kwa Mama. Bertha, jirani yake Mama, alinipigia akilia. Vijana wanapita mbele ya nyumba, wanamwonyesha Mama simu na kumuuliza macho yake yana nini. Unamkumbuka Bibi Coleta, naye macho yake yalikuwa ya moshi wa jikoni, watu wakayaita ya kichawi, na unakumbuka tulichokikuta asubuhi pale ilipokuwa nyumba yake.

Aliposikia hayo Edwin ameifuta picha na amelia sana, ila waliokwisha kuihifadhi wanayo. Visanduku vilivyobaki nimevichoma nyuma ya jiko. Harufu ya kile kitenge kikiungua haijanitoka puani. Edwin nimemwambia atafute pa kulala, kwa kuwa siwezi kunawa naye bakuli moja.

Sasa la mwisho. Mama aliyekukabidhi barua hii atakuwa amekwambia amekuja kukaa siku chache. Hatarudi. Naomba umkalishe moja kwa moja, na umzuie bila kumwambia kwa nini. Nilipomsihi aje amwone mtoto wenu mchanga, aligoma kwa sababu ya ulezi wake ulio shambani. Kilichomwinua ni kisanduku. Edwin alishampa kimoja zamani, na kwa vile hajui kusoma, anaamini mwanawe amemfanya mwimbaji wa Ulaya. Sasa yuko hapa kwangu akingoja safari, amekifunga kwenye khanga pamoja na rozari, sikuwa na moyo wa kumnyang'anya. Anajua redio kaseti ya marehemu Baba iko kwako, anataka ajisikie akiimba.

Ifiche hiyo redio, Kaka. Mwambie imekufa. Na akikuomba umsomee maandishi yaliyo pembeni ya sura yake, mwambie ni jina lake, Bertilla. Nimelitafuta pande zote za kisanduku, halipo.

Nisalimie wifi na watoto, na Mama mumpikie ugali wa ulezi, wa muhogo haumkai tumboni. Edwin naye anakusalimu. Nimeandika kwa sababu ameniomba, si kwa sababu nimemsamehe.

Mdogo wako,
Gaudiosa