Banda la Semina

Jumatano, Septemba 1997

Na bado nanuka moshi. Wageni wa mjini walikuja kutufundisha jinsi wanawake wanavyopaswa kushirikishwa katika kulinda mazingira, na sisi wanawake tukashirikishwa jikoni.

Mwenyekiti wa kijiji alitaka wageni wakae kivulini. Juzi akatuma vijana wakakate miti na nyasi za banda kwenye ngitiri, yale malisho tuliyoyafunga tangu masika ili ng'ombe wayakute kiangazi.

Mwezeshaji, kijana mpole mwenye miwani, alibandika karatasi kubwa: Wadau. Uwezeshaji. Sauti ya Wanyonge. Kila neno likapigiwa makofi. Mimi nilikuwa naleta chai, nikanyoosha mkono niulize kuhusu ngitiri.

"Mama Kulwa, maswali ni baada ya chakula," akasema mwenyekiti.

"Na chakula ni mpaka mimi nikipike."

Watu wakacheka. Mwezeshaji akasema huo ndio ushirikishwaji hasa, nikapigiwa makofi na mimi. Walipomaliza kula wakapanda gari, wawahi Geita kabla ya giza.

Baba Kulwa ameniuliza ng'ombe watakula nini mpaka mvua zije. Sijui. Naogopa, na makofi hayaliwi.

Jioni ng'ombe wetu walitoka kunywa maji, wakapita pale kwenye banda, wakaanza kuvuta nyasi za paa. Mwenyekiti akaja mbio, kofia mkononi.

"Mama Kulwa! Ng'ombe wako wanafanya nini pale?"

Nikamwambia asubiri, maswali ni baada ya chakula.