Kadi Imebaki na Jina la Mama

Sydenham, Durban
12 Juni 2012

Baba, shikamoo.

Mimi mzima. Baridi imeingia, na saluni wateja wamepungua. Jana Dada Marcelline, mwenye saluni, aliniona nimekosea kusuka akauliza, "Eish, Sesilia, iko nini?" Nikamwambia hakuna kitu.

Mdogo wangu Clara amenipigia simu kutoka nyumbani. Kumbe makato ya bima ya wanajeshi wastaafu yalipopanda, pensheni ikawa haitoshi kuwalipia nyote wawili, ukaenda mwenyewe kufuta jina lako kwenye bima ili Mama aendelee kusafishwa figo. Nilipokuuliza Jumapili presha yako utaitibu vipi, ukasema, "Mwanangu, nilirudi salama vitani, presha itanifanya nini?"

Hukuniambia kwamba ulianguka hospitali, kwenye foleni, ukiwa na Mama. Nesi alipokuomba kadi ukamjibu, "Mgonjwa ni mke wangu. Mimi nimemsindikiza tu." Kisha ukainuka kwa kushika ukuta.

Ninachokutumia unampa Mama, najua. Nauli ya kuja sina. Sijui nikuombe nini, Baba, maana nikikuambia urudishe jina lako, nitakuwa nimekuambia ufute la Mama.

Mwanao anayekuwaza,
Sesilia