Ng'ombe Waliokataa Kutoka Kwenye Kamusi

Shirimatunda,
Moshi.
14 Mei 2025

Mpendwa kaka Praygod,

Shikamoo. U mzima huko Leipzig? Baridi imepungua, au bado unalala na soksi? Sisi hatujambo. Goti la mama limetulia kidogo, na mvua imenywesha migomba mpaka inaelemea njia.

Kaka, nimechoka na hii Python, lugha ya kompyuta uliyonifundisha Krismasi!

Unakijua kikundi chetu cha maziwa. Mwezi uliopita kiwanda kilikataa tangi zima kwa sababu ng'ombe mmoja alikuwa amechomwa sindano, na dawa ikaingia kwenye maziwa ya wote. Wakasema likitokea tena, basi. Mwenyekiti, mzee Antoni, akaniomba programu ya kumtumia ujumbe kila mwenye ng'ombe aliye kwenye dawa, asilete maziwa mpaka dawa iishe.

Nikamfanya kila ng'ombe kitu kamili: ana mwenyewe, ana siku ya sindano, ana siku ya dawa kuisha. Wote nikawaweka kwenye kamusi moja, ile orodha ya Python, kila mmoja chini ya jina lake. Nikaandika amri ya for ili niwapitie mmoja mmoja. Ikanipa majina matupu! Nauliza dawa ya Malkia inaisha lini, inanijibu kwamba neno "Malkia" halina dawa. Nilihangaika wiki nzima, kumbe ilitakiwa niongeze .values() tu, inipe ng'ombe wenyewe badala ya majina. Kwa nini hukuniambia?

Halafu siku ya mkutano, mbele ya watu wote, nikataka programu iwatoe waliopona. Ikagoma katikati, maana kamusi haikubali kupunguzwa huku inapitiwa. Mzee Antoni akacheka, "Binti, turudi kwenye chaki." Machozi yalinilenga kwa hasira. Nikanakili majina pembeni, nikapitia nakala hiyo, ikakubali. Ujumbe ukatoka palepale.

Mmoja ulimfikia Mama Priska, jirani yetu. Malkia ni wake, alichomwa sindano ya kiwele, na hana ng'ombe mwingine. Akasimama na simu mkononi.

"Salvina, hiyo programu yako ndiyo itawalisha wanangu?"

Akatoka bila kuaga. Kesho yake tangi likapokelewa, watu wakanipongeza, na pongezi zile zikanikera. Nikamwambia mzee Antoni kwamba anayezuiwa maziwa apewe kitu na sisi tuliouza. Ati hilo ni la mkutano ujao! Watoto wale wanangoja mkutano?

Jana nilimpelekea Mama Priska ndizi na maharage. Alipokea, lakini hakunitazama usoni.

Mama anakusalimu sana, na mdogo wetu Stella pia. Msalimie binamu Godwin na mkewe. Mungu akufunike huko ugenini, akurudishe nyumbani salama.

Tafadhali, mpigie Mama Priska. Wewe alikubeba mgongoni. Labda wewe atakusikiliza.

Mdogo wako, anayekupenda hata akinuna,
Salvina