Kusafisha gobori la Babu

Jumatano, 20 Septemba 2017

Mama mkwe ameshusha gobori la babu yake ukutani. Jumapili ni Siku ya Urithi, sikukuu ya taifa huku, ukoo wote unakuja hapa Turffontein, naye atasimulia tena jinsi babu alivyopiga risasi ya mwisho katika vita dhidi ya wakoloni, wenzake wamekwishakimbia. Kulisafisha nimepewa mimi. Mimi! Miaka mitatu ya ndoa bado naitwa "yule Mtanzania", leo nimekabidhiwa heshima ya ukoo. Mume wangu Mthunzi alitaka kununua dawa ya kutu ya kopo. Mama akakataa – lisafishwe walivyosafisha askari: maji ya moto, nyuzi za katani, unga wa tofali, mafuta. Kiswahili chake cha Morogoro, alikoishi ukimbizini, hakijamtoka. "Wewe mtoto wa Tanga," akasema, "katani ni yenu."

Alhamisi, 21 Septemba

Nimeponda tofali. Mama aliniletea kinu changu cha viungo – thubutu! Nikatumia nyundo, nikachekecha kwa soksi kuukuu. Unga laini, mwekundu. Nimeuchanganya na mafuta nikasugua mtutu. Kutu inatoka kweli! Nimemwaza askari kijana, kesho vita, ameketi anasugua chuma. Labda kule kusugua ndiko kulikomtuliza. Hata mimi kumenituliza.

Jumamosi, 23 Septemba

Leo ndani. Nimemimina maji ya moto mdomoni mwa mtutu – yakasimama, hayapiti. Nikaacha palowe, kisha nikaingiza mdeki, ile fimbo ya chuma yenye parafujo nchani, nikazungusha, nikavuta. Kwanza tambara bovu. Halafu risasi ya duara, nzito, ikaangukia kwenye sinki. Halafu tope jeusi la baruti.

Nimeketi sakafuni.

Risasi ya mwisho haikupigwa.

Mthunzi anasema labda babu alilishindilia tena baadaye. Labda. Lakini ameniambia nifunge mdomo. Mama ameishi kwa hadithi hiyo, hata ukimbizini ndiyo iliyomtia moyo. Nikisema, namvunja. Nikinyamaza, namwacha awadanganye wajukuu, na mimi najua. Eish. Naogopa.

Jumapili, 24 Septemba

Naandika nimesimama jikoni, nimetumwa saladi.

Watu wamejaa uani. Mama amepokea gobori, amelisifu, kisha kabla ya kusimulia akaingiza mdeki mwenyewe. Ukashuka mpaka chini – ting! Akauinua, akaushusha tena. Halafu akaniita, kwa Kiswahili, wageni wasielewe: "Mwanangu, kilichokuwa ndani umekiweka wapi?"

Alijua! Miaka yote hii!

Nimeitoa risasi mfukoni mwa aproni. Ameifumbata.

Sasa namsikia kupitia dirisha, ameanza, kwa Kizulu: babu yangu alikuwa na miaka kumi na tisa, na siku ile aliogopa sana.

Mdogo wake amemkatiza: dada, siyo hivyo. Mama amemwambia akae chini.

Hajakaa.