Pamba za Baba

Rafiki yangu Ljubinka, mama atanitia wazimu.

Daktari kasema wazi baba anasahau kwa sababu ya presha, sigara na masikio mabovu. Leo nimewakuta wamefunga madirisha, joto lote hili, baba anavuta sigara, kaziba masikio kwa pamba. PAMBA. Mashine ya kusikia iko kabatini.

Mama ananiambia, "Daktari gani? Kapigwa na upepo wa dirisha huyu, umemwingia masikioni. Umefunga mlango?"

Nimefunga, mama.

Akanimiminia kahawa. "Upepo unaua, mwanangu. Umefunga mlango?"

Nimefunga.

Akakaa. "Umefunga mlango?"

Baba akanitazama, akachomoa pamba moja.

"Ulidhani naziba kwa ajili ya upepo?"