Mche wa Jino

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Gervasi Nizigiyimana
Umri: Miaka 52
Kazi: Mwalimu wa Kiswahili, shule ya sekondari
Makazi: Gongoni, Tabora

Nimesomewa maneno ya Leodgar Masolwa, fundi wa meno, kwamba marehemu "aliambiwa arudi akivimba, lakini akapuuza." Nakataa. Mama yangu mzazi, Janeti, mkulima wa tumbaku wa Ulyankulu, hakupuuza. Alitii. Nitaeleza alichotii.

Mnamo tarehe 14 Septemba 2024, Jumamosi, saa nne asubuhi, nilimpeleka kwenye chumba cha Leodgar hapa Gongoni. Alikuwa na miaka 71 na pengo la mbele. Alikuwa msomaji wa masomo kigangoni, na watoto walicheka kila neno "Wathesalonike" lilipomtoka na mluzi. Alitaka jino la kudumu, si la kuvua na kuweka kwenye glasi.

Leodgar alitoboa mfupa wa taya, akakaza humo skrubu ya kushikilia jino. Nilijua yeye ni fundi wa meno ya bandia, si daktari. Sikuuliza. Alipomaliza alisema, "Mwalimu, implanti imekaa. Bibi asitafune vigumu. Akiona infeksheni, arudi siku hiyohiyo."

Nikamwambia, "Sema Kiswahili, bwana. Hapa si Ulaya."

Akacheka. "Basi tafsiri wewe mwenye lugha."

Mama, pamba mdomoni, aliniuliza kwa macho. Miaka ishirini nimeandika magazetini kupinga maneno ya kukopa. Nikamjibu, "Ni mche, mama. Umepandikizwa. Uache ushike." Akaitikia kwa kichwa. Infeksheni sikuitafsiri. Nilikuwa bado natafuta neno zuri, Leodgar akatufungulia mlango.

Tarehe 15 alirudi Ulyankulu. Tarehe 19 dada yangu Jeska alinipigia simu, akasema taya limevimba. Niliomba kuongea na mama.

"Usinisumbue, mwalimu," alisema. "Mche ukihamishwa hunyauka kwanza. Nani anang'oa siku ya tano?"

Alicheka. Na mimi nilicheka.

Jeska anasema kila asubuhi mama aliushindilia kwa kidole, kama tunavyoshindilia udongo kwenye shina la tumbaku, kisha akafunga kitenge shavuni kuukinga jua. Tarehe 23 uvimbe ulishuka shingoni. Alimwambia Jeska, "Mizizi hiyo."

Tarehe 24, saa mbili asubuhi, walimfikisha hospitalini Tabora. Saa saba mchana alifariki, koo limeziba. Simu ilinikuta darasani. Nilimaliza kipindi.

Leodgar ajibu kwa kutoboa mfupa usio kazi yake. Kwa neno nitajibu mimi.

Nanyi mnaopandikiza meno mjini hapa, na ninyi walimu wenzangu mnaosindikiza wazazi, nawataka hivi: mgonjwa asivuke mlango kabla hajasema mwenyewe, kwa maneno yake, ni kitu gani akikiona atarudi. Asipoweza kusema, mketisheni.

Hayo ndiyo niliyoyaona, na ndiyo niliyoyasema.

Sahihi: G. Nizigiyimana

Maelezo haya nimeyaandika mimi, Koplo Swaumu, tarehe 27 Septemba 2024, saa 5:20 asubuhi, na kumsomea shahidi. Nilipoandika "kipandikizi" alinitaka nikate, niandike "mche". Nimekata.